Picasso wawili: jenerali, mchoraji na jina la mama

Chukua kitabu kinene cha historia ya Hispania ya miaka ya 1920, nenda kwenye faharasa kule mwishoni, utafute jina Picasso. Utapelekwa kwenye kurasa za vita, mizoga ya nyumbu na maswali makali bungeni. Rangi hutaona hata tone. Picasso wa kurasa hizo ni Juan Picasso González, jenerali wa jeshi, aliyetumwa Afrika Kaskazini kuchunguza ilikuwaje jeshi la mfalme likasambaratika ndani ya wiki tatu mbele ya wakulima wa milimani. Yule wa michoro, Pablo, wakati huo alikuwa zake Paris.

Wengi wakigundua hili hudhani ni majina yamegongana, kama Juma wawili kwenye daladala moja. La hasha. Hawa ni watu wa ukoo mmoja, wote wazaliwa wa Málaga, mji wa bandari kusini mwa Hispania. Ila mmoja alilipata jina hilo kwa baba na mwenzake kwa mama, na hapo ndipo uzi unapojisokota. Ili kuukunjua, hatuna budi kuanza na namna Wahispania wanavyopeana majina.

Sisi tumezoea mnyororo unaopanda upande mmoja: Salma binti Juma bin Hamisi, yaani jina lako, la baba, la babu. Mama hamo. Mhispania hubeba majina mawili ya ukoo kwa pamoja. La kwanza ni la baba, la pili ni la mama, tena lile ambalo mama mwenyewe alilipata kwa baba yake. Mwanamke akiolewa habadili kitu. Anakufa na majina aliyozaliwa nayo. Kwa hiyo José Ruiz Blasco alipomwoa María Picasso López, mtoto wao alichukua Ruiz kwa huyu na Picasso kwa yule, akawa Pablo Ruiz Picasso. Blasco na López, majina ya bibi zake wawili, yakaachwa njiani. Ndiyo hesabu yenyewe: jina la mama hukaa kizazi kimoja, kisha mjukuu analipoteza.

Ubini nao wanao, ila wao uliganda karne nyingi zilizopita. González maana yake ni bin Gonzalo. Fernández ni bin Fernando. Ruiz ni bin Ruy, na Ruy ni ufupisho wa Rodrigo. Zamani hizo mtu aliitwa hivyo kwa sababu kweli baba yake alikuwa Gonzalo. Baadaye jina likasimama palepale likawa la ukoo, na leo mtu anaweza kuitwa González katika nyumba ambayo haijamwona Gonzalo yeyote tangu enzi za Wamoor, Waislamu waliotawala Hispania zamani. Matokeo yake, majina ya namna hii yamejaa nchi nzima. Ukimwita Fernández sokoni, watageuka kumi.

Dawa waliyoipata ni rahisi: jina la baba likiwa la kila mtu, watu humshika mwenzao kwa jina la mama. Mshairi Federico García Lorca dunia inamjua kama Lorca. Mwandishi wa riwaya Benito Pérez Galdós ni Galdós. Waziri mkuu José Luis Rodríguez Zapatero, aliyeongoza kuanzia 2004 hadi 2011, alikuwa Zapatero kwa marafiki na kwa mahasimu. Hata Velázquez, mchoraji wa mfalme katika karne ya 17, jina hilo alilitoa kwa mama yake, Jerónima Velázquez. Baba yake alikuwa Rodríguez de Silva. Wanajeshi nao ni vivyo hivyo, na katika kisa chetu majenerali wawili watafia vitani huku wakikumbukwa kwa majina ya mama zao. Kwa hiyo mtu akikuambia Pablo alimdharau baba yake kwa kulitupa jina la Ruiz, mwambie asiharakishe. Alifanya ambalo Wahispania hulifanya kila siku.

Sasa hilo jina Picasso. Tumezoea kulihesabu kuwa la Kihispania, lakini masikio ya Mhispania hulisikia kuwa la kigeni, kwa kuwa tahajia ya Kihispania haina s mbili zinazofuatana. Lilikuja na bahari. Mwanzoni mwa karne ya 19 mtu mmoja aitwaye Tommaso Picasso alitoka Sori, kijiji cha pwani karibu na Genoa, Italia, akahamia Málaga. Huyo ndiye babu yake María, mzaa baba, na uzao wake uliotawanyika pale Málaga ndio uliomtoa pia Juan Picasso, aliyezaliwa Agosti 1857. Juan alilipata jina kwa baba, kama ada. González ni la mama yake. Basi jenerali alikuwa ndugu wa María kwa upande wa baba yake María.

Vitabu vya Ulaya huhangaika hapa: kimoja kitasema alikuwa mjomba wa mchoraji, kingine binamu wa mama. Kihispania kina neno moja, tío, linalowameza baba mdogo, mjomba na hata mzee wa jirani. Sisi hatuna shida hiyo. Ndugu wa kiume wa mama ni mjomba, awe wa tumbo moja au wa ukoo, na mjadala umeisha.

Mjomba huyu aliingia jeshini akawa afisa wa makao makuu, watu wa ramani na mipango. Mwaka 1893 yalizuka mapigano nje ya Melilla, mji wa pwani ya Afrika ambao Wahispania wameushikilia tangu 1497. Gavana wa kijeshi wa mji, Jenerali Juan García y Margallo, aliuawa kwenye ngome ya Cabrerizas Altas. (Tazama: mtu ni García, lakini vita vyenyewe vimeitwa vya Margallo.) Juan Picasso alipenya katikati ya risasi akipeleka habari za ngome iliyozingirwa, na kwa ujasiri huo akavishwa Msalaba wa San Fernando, nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika jeshi la Hispania. Nalitaja hili kwa sababu lilikuja kumfaa. Miaka 28 baadaye, alipoanza kuwauliza maafisa wenzake maswali mabaya, hakuna aliyeweza kumwambia kwamba hajui harufu ya baruti.

Maswali yenyewe yalihusu Annual, kambi ya Wahispania kaskazini mwa Moroko.

Mwaka 1912 Ufaransa na Hispania ziligawana Moroko. Hispania ikaangukiwa na ukanda wa kaskazini, na ndani yake milima ya Rif, makao ya watu wa Amazigh ambao hata masultani walishindwa kuwatoza kodi ipasavyo. Kamanda wa Melilla mwaka 1921 alikuwa Jenerali Manuel Fernández Silvestre, kipenzi cha Mfalme Alfonso XIII. Naye ni mwingine wa jina la mama. Fernández ni wengi, Silvestre ni mmoja. Silvestre alikuwa na haraka. Alisukuma majeshi mbele, kilima baada ya kilima, akiacha nyuma yake vituo vidogo zaidi ya mia moja, kila kimoja na askari wachache juu ya kichuguu kisicho na maji. Kila siku ilibidi nyumbu washuke bondeni kuteka maji chini ya bunduki za wenyeji. Mtu hahitaji chuo cha kijeshi kuuona mtego huo.

Aliyeuona vizuri kuliko wote ni Muhammad bin Abdul-Karim al-Khattabi, ambaye Wazungu walimwandika Abd el-Krim. Huyu hakuwa mtu wa porini kama magazeti ya Madrid yalivyomchora. Alikuwa kadhi, alifanya kazi katika idara za Wahispania hao hao pale Melilla, na akawa mwandishi wa safu ya Kiarabu katika gazeti lao. Alijua lugha yao na ofisi zao, na alijua jinsi walivyokuwa wakiibiana wenyewe kwa wenyewe. Julai 1921 watu wake walikizingira kituo cha Igueriben. Waliokuwa ndani waliishiwa maji wakawa wanakunywa siki, wino, na mwisho mkojo wao uliotiwa sukari. Kituo kilianguka tarehe 21. Kesho yake Silvestre aliamuru watu waondoke kambi kuu ya Annual, na kuondoka kukageuka mbio. Silvestre alifia hapohapo. Maiti yake haikupatikana. Waliosalia walikimbilia Monte Arruit, wakavumilia njaa na kiu hadi Agosti 9, wakasalimu amri, na baada ya kuweka silaha chini wakauawa, karibu elfu tatu.

Jumla ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Wanahistoria wengine husema elfu nane. Jalada la Jenerali Picasso linatoa 13,363, kati yao 2,390 wakiwa askari wenyeji waliopigania upande wa Hispania. Hata ukichukua hesabu ndogo, bado ni zaidi ya vifo vya jeshi la Waitaliano na askari wao pale Adwa mwaka 1896. Ajabu ni kwamba Adwa tumefundishwa shuleni, Annual wengi wetu hatujaisikia. Nadhani sababu ni kwamba Ethiopia ilibaki huru na kuisimulia habari yake, ilhali jamhuri ambayo Abdul-Karim aliitangaza Rif iliangushwa mwaka 1926 na Ufaransa na Hispania zikiungana, baada ya Wahispania kunyunyiza hata gesi ya sumu vijijini. Mwenyewe alipelekwa uhamishoni kisiwa cha Réunion, huku kwetu Bahari ya Hindi, akakaa miaka zaidi ya ishirini. Mwaka 1947, meli iliyokuwa ikimrudisha Ufaransa ilipofika Misri, alishuka asipande tena.

Turudi kwa mjomba. Mapema Agosti 1921 waziri wa vita alimteua kuwa hakimu mpelelezi. Akavuka bahari hadi Melilla, akakaa miezi kadhaa akihoji manusura. Madrid ilianza kumfunga mikono mapema. Waziri mpya alipoingia, ilitoka amri kwamba uchunguzi usiguse mipango wala maamuzi ya Kamishna Mkuu wa Hispania nchini Moroko, Jenerali Dámaso Berenguer. Hesabu yao ilikuwa wazi: ukimgusa Berenguer unaifikia serikali, na ukiifikia serikali unakaribia mlango wa mfalme.

Aprili 1922 alikabidhi kazi yake, karatasi 2,433. Hili ndilo Jalada la Picasso, na bado linaitwa hivyo hivyo Hispania. Ukali wake unatokana na ukavu wake. Halipigi kelele. Linaorodhesha: vituo vilivyotawanywa bila kutegemeana, silaha chakavu, njia za maji zilizo wazi kwa adui, maafisa waliokuwa starehe Melilla wakati askari wao wako mlimani, na wakubwa waliotangulia kukimbia. Askari wenyewe walikuwa vijana wa kuandikishwa kwa lazima, wengi watoto wa maskini, kwa sababu wenye fedha walikuwa na utaratibu wa kulipia huduma ya jeshi ipungue. Kabla ya 1912 ilikuwa mbaya zaidi: ukilipa peseta 1,500 hukwenda kabisa. Ndiyo iliyowasha moto Barcelona mwaka 1909, wafanyakazi waliposhuhudia baba wa familia wakipakiwa melini kwenda Melilla.

Hapa niweke mabano ya mpwa. Pablo naye alipofikia umri wa kuitwa jeshini, mwanzoni mwa karne, familia ilitoa fedha asiende. Jina la upande wa mama likaendelea kuvaa magwanda, upande wa baba ukamnunulia mtoto brashi. Si kosa lake. Kila familia iliyomudu ilifanya hivyo. Lakini inafaa kukumbukwa unapoitazama michoro yake ya vita.

Jalada lilipofika bungeni liligeuka kaa la moto. Tume ya wabunge iliundwa kutafuta wahusika, na mjadala ulitarajiwa mwaka 1923 baada ya likizo. Haukufika. Septemba 13, 1923 Jenerali Miguel Primo de Rivera alipindua serikali kwa ridhaa ya mfalme, akavunja bunge. (Na huyu asikupoteze: Primo si jina lake la kwanza, ni sehemu ya jina la ukoo, Primo de Rivera yote pamoja.) Mwenyekiti wa tume, Bernardo Mateo Sagasta, akahofia karatasi zitachomwa, akazificha katika chuo cha wahandisi wa kilimo alichokuwa akikiongoza. Zilikaa huko hadi mfalme alipoondoka na jamhuri kutangazwa Aprili 1931. Berenguer alihukumiwa mwaka 1924 kuondolewa jeshini, akasamehewa baada ya muda mfupi, na mwaka 1930 akawa waziri mkuu. Juan Picasso alifariki Madrid mwaka 1935.

Huku Paris, mpwa alikuwa keshamaliza zamani suala la jina. Michoro yake ya utotoni imeandikwa P. Ruiz. Halafu ikaja P. Ruiz Picasso, halafu P. R. Picasso, Ruiz akipungua hadi kuwa herufi moja, na kufikia 1901 ameondoka kabisa. Rafiki zake wa Barcelona walikwisha kumzoea kwa jina la mama. Miaka mingi baadaye alimweleza mpiga picha Brassaï kwamba alivutiwa na zile s mbili, akamtajia Matisse, Poussin na Rousseau, wachoraji wenye s mbili kama yeye. Wapo wanaotafuta hapa ugomvi na baba, ambaye naye alikuwa mchoraji na mwalimu wa kuchora, mtaalamu wa kuchora njiwa. Huenda kipo kitu. Kwangu sababu ya sikio inatosha: Ruiz wa kuchora wangekuwa wengi, Picasso akawa mmoja.

Mmoja katika uchoraji, maana jeshini alikuwepo mwingine. Na hapa habari za mjomba na mpwa zinakutana, bila wao kupanga. Kushindwa kule Annual ndiko kulikomleta mbele meja mmoja wa Kikosi cha Kigeni, kilichokimbizwa Melilla kuuokoa mji: Francisco Franco. (Franco ni jina la baba, la mama ni Bahamonde.) Vita vya Rif vilimpandisha cheo haraka hadi akawa jenerali mwaka 1926, ana miaka 33. Julai 1936 alipoasi dhidi ya jamhuri, nguvu yake ilikuwa jeshi lile la Afrika, pamoja na makumi ya maelfu ya askari wa Kimoroko, wengine watoto wa milima ileile ya Rif. Ndege za Ujerumani na Italia ziliwasaidia kuvuka bahari. Aprili 26, 1937, siku ya gulio, ndege za Wajerumani na Waitaliano waliomuunga mkono ziliupiga mji wa Guernica, wa Wabasque kaskazini mwa Hispania, hadi ukateketea.

Serikali ya jamhuri ilikuwa imekwisha kumwomba Pablo mchoro mkubwa kwa banda lake kwenye Maonyesho ya Kimataifa ya Paris, naye alikuwa anazungukazunguka bila wazo. Habari zikamfikia kupitia magazeti. Mei mosi alianza kuchora vielelezo, na mwanzoni mwa Juni turubai, iliyopewa jina la mji huo Guernica, ilikuwa tayari, urefu wa karibu mita 7.8 na kimo cha mita 3.5, nyeusi, nyeupe na kijivu kama ukurasa wa gazeti. Hakuchora ndege ya kivita hata moja. Kuna farasi anayelia, fahali, mama aliyempakata mtoto aliyekufa, na chini kabisa askari aliyevunjika vipande, mkononi upanga uliokatika.

Guernica ilizunguka nchi mbalimbali, ikalala New York tangu 1939, kwa sharti la mchoraji kwamba isirudi Hispania kabla ya uhuru kurudi. Ilifika Madrid Septemba 1981, na tangu 1992 imo katika Makumbusho ya Reina Sofía. Jalada la mjomba nalo limo Madrid humohumo, katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka za Kihistoria. Mtu mwenye siku moja mjini anaweza kuwasalimia Picasso wote wawili.

Bado kuna fundo moja la jina. Kwa hesabu ya Kihispania niliyoieleza, Picasso ilipaswa kumfia Pablo. Mwanawe wa kwanza Paulo, aliyemzaa na mcheza baleti wa Kirusi Olga Khokhlova, angeitwa Ruiz Khokhlova, na jina la María lingeishia hapo. Lakini watoto walizaliwa Ufaransa, ambako karani wa uzazi na vifo wakati huo alitaka jina moja tu la ukoo. Ruiz na Picasso yakashikana kuwa jina moja lenye kistari katikati. Ndiyo maana mjukuu aliyesaidia kuanzisha makumbusho ya babu yake pale Málaga, yaliyofunguliwa mwaka 2003, anaitwa Bernard Ruiz-Picasso. Hispania yenyewe imelegeza kamba: tangu 1999 wazazi wanaruhusiwa kutanguliza jina la mama, na tangu Juni 2017 la baba halitangulii tena kwa desturi, wazazi lazima waseme wanataka lipi.